Dole Gumba la Mama Mapacha

Maji yaliingia kwenye oili. Gari lilichemka Jumanne jioni nikitoka kazini, na Jumapili saa saba mchana mke wangu alikuwa anatua uwanja wa ndege baada ya miaka minne. Tatizo ndilo hilo. Sina namna nzuri zaidi ya kulieleza.

Mimi ni fundi bomba. Shule niliiacha mapema nikashika spana, na tangu hapo nimekuwa nikigombana na maji yanayokwenda yasikotakiwa. Kwa hiyo nilipofungua kifuniko cha oili pale uani nikakuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, sikuhitaji kuambiwa. Gasketi ya silinda hedi imeungua. Ni kipande chembamba kinachokaa katikati ya injini, kazi yake kuzuia maji, oili na moto visiingiliane. Ikiungua, vinaanza kutembeleana kama majirani wasio na adabu, na ukilazimisha safari, injini inakufa.

Gari letu linaitwa Babu. Mke wangu ndiye aliyempa jina hilo siku tuliyomnunua, kwa sababu alikohoa sana kabla ya kuwaka. Na siku mke wangu anaondoka, Babu ndiye aliyempeleka. Pale nje ya mlango wa wasafiri alipiga boneti kwa kiganja, ikamuunguza kidogo, akasema, "Baba Mapacha, siku ya kurudi ukija kunipokea na gari lingine, sipandi. Nitalala hapa hapa."

Alicheka. Mimi nilibaki nimeegemea nguzo ya kushoto.

Tulikuwa tumekubaliana miaka miwili. Ilipokwisha, karo za mapacha zilikuwa bado, akaongeza mingine miwili. Kazi yake ilikuwa kusafisha vyumba vya hoteli, nchi ya watu. Mapacha wako shule ya bweni. Nyumbani nilibaki mimi na Babu.

Miaka yote minne nilikuwa na picha moja kichwani. Mlango wa wasafiri unafunguka. Anatoka. Anatafuta kwa macho. Ananiona. Basi, imekwisha, haizidi sekunde mbili tatu. Wenzangu wanaota nyumba za ghorofa. Mimi niliota mlango. Nikiwa ndani ya shimo la mtu, uchafu umenifika kiwikoni, naufungua ule mlango kichwani, anatoka, kisha naendelea kuzibua.

Sasa Babu yuko juu ya mawe uani, na zimebaki siku chache.

Shemeji alikuja Jumatano asubuhi. Ni mdogo wake mke wangu, ana duka la simu na gari jipya ambalo bado linanukia duka. Alisimama akaangalia injini, mikono mfukoni asije akachafuka.

"Fundi bomba anavuja," akasema.

"Kinyozi hajinyoi, shemeji."

"Mwache mzee apumzike. Jumapili nitamfuata mimi dada. Gari langu lina kiyoyozi, anatoka kwenye ndege baridi anaingia kwenye gari baridi. Hata hatajua kama amefika."

"Dada yako ataletwa na gari lililompeleka."

"Na lisipowaka?"

"Litawaka."

"Ukaidi haujawahi kutengeneza injini."

"Na kiyoyozi hakijawahi kupoza mdomo wako."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipofika getini aligeuka. "Ndege ni saa saba, shemeji. Simu yangu haizimwi. Unajua."

Nilianza kufungua. Nikamwaga maji, nikamwaga oili, nikatoa mipira, nyaya, mkanda. Nyuma ya kabati la jikoni nikatoa kile kipande cha boksi. Huo ulikuwa utaratibu wa mke wangu. Mara ya kwanza tulipomfungua Babu, nilichanganya bolti zote kwenye sufuria moja, nikaweka ndefu mahali pa fupi, tukapoteza siku nzima. Yeye akachukua boksi, akachora umbo la injini, akatoboa matundu yenye namba, na kila bolti ikakaa kwenye tundu la mahali ilipotoka. Pembeni alimchorea Babu masharubu. Matundu yale yalikuwa bado yapo, yamelowa oili ya zamani. Nikaanza kuyajaza moja moja.

Juu kabisa ya injini kuna kifuniko, mafundi wanakiita tapeti kava. Kinakaa juu ya gasketi ya mpira, na kwenye kona unapaka silikoni ili oili isipenye. Kona tatu hazina shida. Ya nyuma imebanana na ule ukuta wa chuma mbele ya miguu ya abiria. Mkono wangu haupiti pale, ni mkono wa kufungulia mabomba makubwa. Wake unapita. Kwa hiyo kila tulipofunga, mimi nilikaza bolti, kisha yeye alipenyeza mkono huko nyuma akailaza silikoni iliyotokeza kwa dole gumba. Akimaliza anasema, "Tayari." Mimi nawasha.

Nilipokitoa kile kifuniko nikakigeuza juani, nikaliona.

Silikoni ilikauka na dole lake ndani. Mistari yote ilikuwepo, mmoja ndani ya mwingine, imezunguka kama kamba iliyokunjwa vizuri. Katikati imekatwa na kovu dogo la kisu cha jikoni, alilolipata tukiwa bado wapya kwenye ndoa, anakata kitunguu huku ananijibu jeuri.

Nilikaa kwenye ndoo na kifuniko mapajani. Kwenye simu nina picha zake nyingi sana. Amevaa sare ya kazi, amesimama mbele ya majengo, kuna baridi, anacheka. Picha unaiangalia. Hii niliweza kuigusa. Nikaweka dole langu juu ya lake. Halikuenea, langu ni kubwa. Nikajaribu kidole cha mwisho. Kikaingia vizuri, na nikausikia ule mkunjo wa kovu.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kazi haikwenda.

Alhamisi nilibeba hedi, kile kichwa cha injini, kwenda kwa fundi wa plani, yule anayesawazisha vyuma vilivyopinda. Aliweka rula juu yake, akafumba jicho moja.

"Imepinda unywele tu. Una bahati, ungeendesha kidogo zaidi ungeniletea chuma chakavu." Akaifunga kwenye mashine. "Ukirudi nyumbani kwangua kila kitu, pote. Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nasema tu. Watu wanaojua ndio wanaonirudia."

Jioni mke wangu akapiga simu. Nilikuwa nanawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Babu hajambo?"

"Hajambo."

"Mbona unajibu kama uko kituo cha polisi?"

"Nina kazi."

"Kazi gani saa hizi? Tumbo umelipunguza?"

"Kwani uliliacha wapi?"

Akacheka. Kicheko chake kwenye simu kinafika nyuma ya sauti kidogo, kama maji ya bomba yanavyochelewa kufika ghorofani.

"Sikiliza," akasema. "Nikitoka, wewe simama kushoto, kwenye ile nguzo. Ile uliyoegemea siku ile. Nisije nikakupita."

"Utanipitaje?"

"Miaka minne, Baba Mapacha. Na mimi nimebadilika. Vidogo vidogo tu. Utaona."

"Nitakujua."

"Basi simama kwenye nguzo."

Ijumaa nilikuwa nakwangua kwa wembe. Mbele nikamaliza, kushoto, kulia. Nikafika kona ya nyuma. Nikaweka wembe chini nikaenda kunywa maji. Nikarudi, nikaushika. Nikauweka tena.

Mteja wangu angeniambia anataka kuacha uchafu kwenye maungio ya bomba kwa sababu anaupenda, ningemtukana na kuondoka. Nalijua hilo. Lakini nilijiambia ni kipande cha ukubwa wa ukucha, kimeshika vizuri, hakijawahi kuvuja. Nikapaka silikoni mpya pande zote nikaizunguka ile ya zamani, kama mtu anayelima na kuliruka kaburi. Nikaona nimekuwa mjanja. Nitampokea na dole lake litakuwa lipo.

Jumamosi nikafunga. Bolti za hedi zinakazwa kwa mpango, unaanzia katikati unakwenda nje, unarudia, mpaka zishike sawasawa. Zamani yeye alishika boksi na kuita namba, mimi nikakaza na kuitikia. Safari hii niliita mwenyewe nikaitikia mwenyewe. Jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Baba Mapacha, una wageni?"

"Sina."

"Aa." Kichwa kikashuka polepole.

Nikawasha. Babu akakohoa, akanyamaza, akakohoa tena, akashika. Nikamwacha angurume mpaka akapata moto vizuri. Nikamulika chini, kukavu. Nikamulika kona ya nyuma kadiri nilivyoweza, kukavu. Nikamwosha, nikafuta viti, nikapiga pasi shati jeupe.

Jumapili niliondoka mapema. Babu alikwenda vizuri mpaka nikaanza kumsifu kwa sauti. Kosa. Tulipoanza kupanda mlima ulio katikati ya safari, nikasikia harufu ya oili inayoungua. Kisha moshi, kwanza mwembamba pembeni mwa boneti, kisha mzito mbele ya kioo. Nikasogea pembeni nikazima.

Nilijua kabla ya kufungua. Injini ilipopata moto wa safari, silikoni mpya ilijibandua kutoka kwenye ile ya zamani, ikaachana nayo kama mdomo unaotaka kusema kitu. Oili ilikuwa inatoka pale inachuruzika juu ya bomba la moshi. Kijiti cha kupimia oili kilitoka na tone moja nchani.

Nilikuwa na lita moja ya akiba. Nikaimimina, nikaendesha kidogo, moshi ukarudi. Nikasimama tena. Nikararua kitambaa nikataka kukisukumiza kwenye ule mwanya. Mkono haukupita. Nikausukuma kwa nguvu, ngozi ya vifundo ikabaki kwenye chuma. Haukupita. Pale hapakuwa pangu. Hapajawahi kuwa pangu.

Nikapiga simu.

"Shemeji," nikasema.

"Niko njiani," akasema. "Nilishatoka nyumbani."

Hakunitania. Hakusema neno juu ya Babu wala kiyoyozi. Hilo liliniuma kuliko mzaha wowote. Baada ya muda gari lake lilinipita, akapiga honi mara moja, nikainua mkono. Nilitaka kumwambia anipakie. Lakini Babu angebaki peke yake barabarani na spana zangu zote ndani, zana ambazo ndizo chakula chetu, na pale hakuna hata kibanda. Au niseme ukweli: nilikuwa na aibu. Shati lilikuwa limejaa oili, na sikutaka anione kwa mara ya kwanza nikishuka kutoka kiti cha abiria cha mdogo wake.

Nilikaa juu ya tofali. Karibu na saa saba ndege ikapita juu, imeshashusha magurudumu. Nikaipungia mkono. Mtu mzima.

Walirudi jua likiwa limeanza kuegemea. Gari halijasimama vizuri, mlango umefunguka. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha. Nywele amekata. Alivuka barabara bila kuangalia, shemeji anapiga kelele, "Dada, utagongwa siku ya kwanza!"

Alisimama mbele yangu akaniangalia kutoka viatu hadi kichwa.

"Wewe mtu," akasema. "Nimekutafuta pale nguzoni mpaka nimemsalimia mume wa watu."

"Babu aligoma."

"Uliniambia hajambo."

"Nilidanganya."

"Na nimepanda gari lingine. Kiapo changu umekiharibu." Kisha akanikumbatia, na shati langu likahamia kwenye blauzi yake.

Wakati anazunguka kumpa Babu pole, akimpapasa boneti, nilimvuta shemeji pembeni.

"Alipotoka alikuwaje?"

"Nani?"

"Dada yako. Pale mlangoni. Mlango ulipofunguka alifanyaje? Aliangalia wapi?"

Akajikuna shingo. "Sikumwona, shemeji. Nilikuwa nimeinamia simu, nakuandikia kwamba ndege imetua. Nimeshtukia amenishika bega."

Nikatoa simu yangu. Ujumbe ulikuwepo. Ndege imetua.

Tulimfunga Babu kwa kamba nyuma ya gari jipya tukaenda nyumbani polepole. Mimi nilishika usukani wa Babu. Mke wangu alikataa kiyoyozi, akapanda kwangu, madirisha wazi, akanisimulia bila kupumzika. Karo zimekwisha. Mkataba umekwisha. Amerudi moja kwa moja. Mlango ule hatatoka tena.

Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la zamani, lile la kazi za uani, likampwaya. "Fungua tuone," akasema. Nikatoa kifuniko nikampa. Akakigeuza, akakisogeza karibu na uso.

"Hii ya zamani mbona umeiacha?"

Niliokota spana nikaifuta.

"Baba Mapacha. Ndiyo iliyovujisha hii. Hata mimi msafisha vyumba naona." Akakisogeza karibu zaidi. "Hili ni dole langu."

"Ndiyo."

"Uliacha kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo."

Aliinua macho. Halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo, akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Mume wangu, unatunza nyayo na mwenye miguu yuko njiani anakuja? Dole lenyewe hili hapa!" Akanionyesha. Kisha akachukua wembe, na kabla sijasema kitu akakwangua. Mara mbili, tatu. Kipande kikaanguka chini kimejikunja kama ukucha. Akapuliza, akapitisha kitambaa, chuma kikang'aa.

"Lete silikoni."

Tulifanya kama zamani. Yeye akaita namba, mimi nikakaza. Nilipomaliza akapenyeza mkono nyuma, akauma ulimi kidogo kama anavyofanya siku zote, akalaza.

"Tayari."

Sikuwasha. Nilichukua kile kioo kidogo ninachotumia kuangalia nyuma ya mabomba, nikakishusha kule nyuma na tochi. Silikoni ilikuwa laini. Laini kama mgongo wa kijiko. Kovu lilikuwepo, mstari mmoja katikati. Mistari mingine haikuwepo.

Nikamshika mkono nikaugeuza. Nikaangalia vidole vyote. Vilikuwa vinang'aa.

"Dawa za kusafishia," akasema. "Zinakula. Mwanzoni vinauma, baadaye unazoea." Akaurudisha mkono wake taratibu. "Pale uwanja wa ndege nilipotua, mashine ilinikataa mara tatu. Weka dole, imekataa. Weka jingine, imekataa. Askari akaniuliza, mama, kwani wewe ni nani? Nikamwambia, niache nitoke hapo nje, kuna mtu kwenye nguzo anajua."

Alisema hivyo akicheka. Nikainama kutafuta pale chini alipokwangulia. Alikuwa ameshafagia.

Nikawasha. Babu alikohoa akashika, na mpaka leo havuji.

Gharama ilikuwa hivi. Gasketi moja ya silinda hedi, na moja ya tapeti kava. Oili ya kujaza injini mara mbili, na lita moja iliyoishia barabarani. Silikoni mirija miwili. Kamba moja ya kuvutia gari, ilikatika getini. Shati moja jeupe na blauzi yake moja. Alama moja ya dole gumba, ambayo haitengenezwi tena. Na zile sekunde mbili tatu mlango ulipofunguka, akatoka, akaangalia kushoto kwenye nguzo. Hizo hakuna aliyeziona.